Mlio Mkali wa Injini: Jinsi ya Kuutambua na Kuuondoa

Wahenga walisema, "Mwenye kelele hana neno." Usemi huo waweza kuwa kweli juu ya wanadamu, lakini juu ya injini ya motokaa si kweli hata kidogo. Injini ipigayo yowe ina neno, tena neno la haraka. Katika sehemu za Meru na Embu, ambako barabara hupanda na kushuka mabonde, dereva anayeupuuza mlio huo aweza kupoteza injini nzima, na pengine kupoteza zaidi ya injini.

Wenye magari wengi huuchukia mlio kwa sababu ya aibu. Gari linapolia sokoni, watu hugeuka kulitazama. Basi mwenye gari hutafuta njia ya kulinyamazisha upesi, asitafute sababu ya kulia kwake. Somo hili laeleza mlio hutoka wapi, jinsi ya kuitambua sababu yake, na mambo ambayo mwenye gari aweza kuyafanya mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi.

KAZI YA MKANDA

Barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mito mingi hushuka kutoka mlimani kwenda kuingia Mto Tana, na kila mto umechimba bonde lake. Bonde la Mto Thuci, ulio mpaka wa Embu na Tharaka Nithi, na bonde la Mto Nithi, ulio mbele ya Chuka, yajulikana sana kwa madereva. Gari lililobeba ndizi, maziwa, majani chai au miraa hupanda kutoka katika mabonde hayo kwa gia ndogo. Injini huzunguka upesi, lakini gari lenyewe huenda polepole, na kwa hiyo upepo wa kupoza rejeta ni mdogo. Wakati huo uzima wa injini hutegemea pampu ya maji na feni.

Katika magari mengi vyombo hivyo hutegemea mkanda wa mpira ulio mbele ya injini, ambao watu huuita mkanda wa feni. Mkanda huo huzungusha alterneta, ambayo hutengeneza umeme na kuijaza betri. Huzungusha pampu ya maji, ambayo husukuma maji ndani ya injini na rejeta. Mara nyingi huzungusha pia pampu ya mafuta ya usukani na mashine ya hewa baridi. Hata pale ambapo feni huendeshwa kwa umeme, umeme huo hutoka katika alterneta, na alterneta huzungushwa na mkanda. Katika baadhi ya magari pampu ya maji huzungushwa na mkanda mwingine uliofichwa ndani ya kifuniko, ule uendeshao valvu. Huo haufai kuguswa ila na fundi aujuaye.

KWA NINI MKANDA HULIA

Mkanda mzima hushika vizuri magurudumu madogo ayazungushayo, ambayo mafundi huyaita puli. Mkanda uliolegea, uliochakaa au uliolowa hauwezi kushika hivyo. Huteleza kidogo, hushika, kisha huteleza tena, mara nyingi sana katika sekunde moja. Mtetemeko huo wa upesi ndio usikikao kama mlio mkali. Ni jambo lile lile liufanyalo uzi wa zeze utoe sauti unaposuguliwa na upinde: uzi hunaswa, huachwa, na hunaswa tena.

Lakini zeze halidhuriki kwa kulia, na mkanda hudhurika. Kila unapoteleza, mpira wake hupata joto. Joto huufanya uwe mgumu na wenye kung'aa kama kioo, na mpira wa namna hiyo huteleza zaidi. Kwa hiyo mlio wa leo huzaa mlio mkubwa wa kesho, mpaka siku ambayo mkanda hukatika.

Mlio huwa mkali zaidi asubuhi, hasa katika miezi ya baridi ya Juni, Julai na Agosti. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni umande na ukungu wa usiku, ambao hulowesha mkanda. Ya pili ni kwamba kuwasha injini hula nguvu nyingi ya betri, na mara injini inapowaka, alterneta hufanya kazi kubwa ya kuirudisha nguvu hiyo. Alterneta huwa nzito kuzungushwa, na mkanda dhaifu huteleza. Baada ya dakika moja au mbili mlio hunyamaza, na mwenye gari hudhani kwamba gari limepona. Kumbe ugonjwa upo pale pale, ukingoja mlima.

KUTAFUTA MLIO ULIKO

Jambo la kwanza ni kujua kama mlio watoka katika injini au katika magurudumu. Gari na lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na injini iachwe ikiwaka. Ikiwa mlio wasikika gari likiwa limesimama, yamkini ni wa injini. Ikiwa wasikika tu magurudumu yanapozunguka, au unapokoma au kuzidi pedali ya breki inapokanyagwa, basi ni wa breki. Vibao vingi vya breki vimewekewa kipande chembamba cha chuma ambacho hukwaruza diski wakati kibao kinapokaribia kwisha. Mlio huo ni onyo lililowekwa kwa makusudi na watengenezaji, na gari lenye kuutoa halifai kushuka bonde lo lote mpaka breki zimetazamwa.

Ikiwa mlio ni wa injini, dereva aubebeshe mkanda mzigo mmoja mmoja na kusikiliza. Awashe taa kubwa na feni ya ndani ya gari. Mlio ukizidi, mkanda unateleza penye alterneta. Kisha auzungushe usukani mpaka mwisho wa upande mmoja kwa nukta chache tu. Mlio ukizuka hapo, sababu ni mkanda unaoizungusha pampu ya usukani, au pampu yenyewe, na mara nyingi mafuta ya usukani yamepungua. Kisha awashe hewa baridi, kama gari linayo, asikilize tena.

Sauti yenyewe nayo ina maana. Yowe refu kama la filimbi ni la mkanda unaoteleza. Mlio wa kukatika-katika, kama wa kifaranga, unaoongezeka kasi pamoja na injini, mara nyingi waonyesha kwamba puli mojawapo imekaa upande na haiko katika mstari mmoja na wenzake. Sauti ya kuvuma au ya kusaga, ambayo haibadiliki taa zinapowashwa, ni ya beringi iliyokauka mafuta au kuchakaa.

JARIBIO LA MAJI

Kuna jaribio jepesi la kuutenga mkanda uliolegea na puli iliyopinda. Mtu mmoja akae katika usukani. Mwingine asimame kando, akiwa amefunga vizuri mikono ya shati, amevua tai, shuka au kitambaa cho chote kinachoning'inia, na anyunyize maji safi kidogo kwa chupa ya kunyunyizia upande wa ndani wa mkanda, ule wenye mifuo. Mkono wake usiukaribie mkanda kabisa, kwa maana mkanda uzungukao waweza kukata vidole kabla mwenyewe hajang'amua.

Ikiwa mlio wazidi maji yanapoingia, mkanda umelegea au kikazio chake kimechoka. Ikiwa mlio wanyamaza kwa muda mfupi kisha warudi, yaelekea puli hazikai katika mstari mmoja. Ikiwa maji hayabadili kitu, beringi zishukiwe.

Ili kuijua beringi mbovu, fundi huzima injini, huiacha ipoe, huondoa mkanda, na kuizungusha kila puli kwa mkono. Puli nzima huzunguka kimya na laini. Iliyo mbovu hukwaruza kama yenye mchanga ndani, au hucheza mbele na nyuma. Pampu ya maji itazamwe pia chini yake: ikiwa kuna alama ya maji yaliyokauka yenye rangi, sili yake imekwisha na beringi inafuata. Fundi aweza kuiwasha injini bila mkanda kwa nukta chache ili kuhakikisha kwamba mlio umeondoka pamoja nao, lakini asiiache ikiwaka, kwa sababu maji hayasukumwi tena.

KUTENGENEZA

Mikanda ya mtindo wa zamani, yenye umbo la kabari, hukazwa kwa kulegeza bolti za alterneta na kuisogeza. Kipimo cha kawaida ni kuubonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Hufaa ubonyee kama milimita 10 hivi. Mtu asidhani kuwa kukaza sana ni kuzuri zaidi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta beringi za alterneta na pampu ya maji upande mmoja na kuzimaliza mapema. Mikanda ya sasa iliyo bapa na yenye mifuo mara nyingi ina kikazio cha springi kinachojikaza chenyewe. Hapo, mkanda ukilegea, kikazio ndicho cha kupimwa au kubadilishwa.

Watu wengi hutazama mkanda wakitafuta nyufa, na wasipoziona husema kwamba ni mzima. Mikanda ya siku za nyuma ilipasuka ilipozeeka. Lakini mpira utumikao katika mikanda mingi ya sasa haupasuki upesi. Huisha polepole kama soli ya kiatu, mifuo ikizidi kuwa mipana mpaka mkanda unakaa chini mno ndani ya puli. Kwa hiyo itazamwe mifuo yenyewe. Kama gari lina kitabu chake, kilomita zilizoandikwa humo za kukagua na kubadili mkanda zifuatwe. Gari lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika ng'ambo, kama yalivyo magari mengi ya Kenya, lafaa likaguliwe mkanda mara linapofika mkononi mwa mwenyewe, kwa maana hajui umetumika kilomita ngapi.

Anayekwenda dukani kununua mkanda na asome maandishi yaliyo mgongoni mwa ule wa zamani. Kwa mfano, alama 6PK1200 maana yake ni mkanda wenye mbavu 6 na urefu wa milimita 1,200. Mkanda ulio mrefu kidogo kuliko huo utalia tangu siku ya kwanza, na ulio mfupi utaziumiza beringi. Tena, kabla ya kuvika mkanda mpya, puli zisafishwe mifuo yake, hasa magari yafanyayo kazi katika vumbi la Mbeere na Tharaka. Ikiwa mkanda wa zamani ulikuwa umelowa mafuta ya injini, mahali pavujapo pazibwe kwanza. La sivyo, mkanda mpya utaharibika kama ule wa kwanza, na fedha zitakuwa zimetupwa.

DAWA ZISIZOFAA

Wako madereva wanaopaka mkanda sabuni, mshumaa au mafuta. Mlio hunyamaza, naye dereva hufurahi. Lakini vitu hivyo ni vya kuteleza, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ni kuteleza. Mkanda sasa huteleza kimya. Alterneta haizunguki ipasavyo, betri hupungua nguvu, maji hayazunguki vizuri, na hakuna tena sauti ya kumwonya dereva. Zaidi ya hayo, mafuta huufanya mpira uvimbe na kulainika. Dawa za kopo zinazouzwa kwa ajili ya mikanda nazo huficha mlio kwa siku chache, huku zikinasa vumbi katika mifuo. Mlio ulionyamazishwa kwa njia hiyo ni mbaya kuliko ule unaosikika.

MILUZI YA HEWA

Si kila sauti kali ni ya mkanda. Mpira wa hewa uliopasuka, au gasketi iliyovuja penye njia ya hewa kuingia katika injini, hutoa mluzi, na injini ya petroli hukosa utulivu inapokuwa haina mzigo. Katika injini ya dizeli yenye tabo, chombo kile kinachosukuma hewa kwa nguvu, mpira uliopasuka hupiga mluzi wakati wa kupanda, na nguvu hupungua huku moshi mweusi ukitoka. Kifuniko cha rejeta nacho chaweza kupiga mluzi, mvuke unapotoroka.

Mvuke huo una maana kubwa kwa watu wa milimani. Mji wa Meru uko katika kimo cha mita 1,500 hivi, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka huko yafikapo nyuzi 95 tu za Selsiasi, badala ya 100 kama yachemkavyo Mombasa. Kifuniko kizima cha rejeta huyabana maji ili yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko kibovu hakiyabani, na gari lililokwenda vizuri pwani litachemka katika mlima wa Thuci.

Kuna mluzi mwingine ambao haupasi kungojwa hata siku moja. Ikiwa sauti ya hewa yasikika dereva anapokanyaga breki, na pedali yenyewe imekuwa ngumu, chombo kisaidiacho nguvu ya mguu kinavuja. Katika magari madogo ya petroli na pikapu, chombo hicho hutumia mvuto wa hewa wa injini. Katika pikapu nyingi za dizeli za mtindo wa zamani, pampu ifanyayo mvuto huo imefungwa nyuma ya alterneta, nayo huzungushwa na mkanda ule ule. Hapo ndipo mlio mdogo wa asubuhi unapokuwa jambo la uhai. Mkanda ukikatika katika mteremko, dereva atapata msaada wa breki kwa mara chache tu, kisha pedali itakuwa kama jiwe. Usukani nao huweza kuwa mzito wakati huo huo.

Kila msafiri wa barabara hiyo anajua maana yake. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia katika bonde la Nithi kutoka darajani, na watu zaidi ya 30 walikufa. Mahali kama pale si pa kugundua kwamba breki zimekuwa nzito.

MKANDA UKIKATIKA NJIANI

Dalili za mkanda uliokatika ni tatu: taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka, usukani huwa mzito, na mshale wa joto hupanda. Aonaye dalili hizo asijaribu kumalizia mlima. Injini isiyosukumiwa maji yaweza kuharibika kwa dakika chache: kichwa cha injini hupinda kwa joto, gasketi hupasuka, na maji huingia katika mafuta. Bei ya mkanda mmoja ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuifungua injini na kukisaga kichwa chake, mbali na siku ambazo gari halifanyi kazi, na mzigo wa miraa au maziwa unaoharibika kando ya njia.

Dereva na aliondoe gari barabarani mahali panapoonekana, atumie gia ndogo na breki ya mkono kama pedali ni ngumu, azuie magurudumu kwa mawe, na aweke vibao vyake vya tahadhari mbele na nyuma. Azime injini na asifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini imepoa kabisa, yaani baada ya nusu saa au zaidi. Mvuke uliobanwa humwunguza mtu uso na mikono katika nukta moja. Wala asimwage maji ya mtoni yenye baridi juu ya injini iliyo moto, kwa sababu chuma kinachopozwa ghafula hupasuka. Kufunga kamba mahali pa mkanda hakufai. Puli za sasa hazishiki kamba.

Tena katika mteremko wo wote, gari likiwa zima au bovu, haifai kuzima injini au kuacha gia huru ili kuokoa mafuta. Injini ndiyo iletayo msaada wa breki na wa usukani, na gia ndogo ndiyo izuiayo gari lisikimbie.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Yote haya yaweza kuzuiwa kwa dakika tano. Kabla ya injini kuwashwa, ikiwa baridi, boneti na ifunguliwe. Mkanda utazamwe kama umechanika, unang'aa au una mafuta. Maji ya rejeta na mafuta ya usukani yapimwe. Kisha injini iwashwe, na dereva akae kimya, redio imezimwa, asikilize. Akisikia mlio, aandike ulianza lini, ulidumu muda gani, na ni kitu gani kiliuzidisha: taa, usukani, hewa baridi au breki. Karatasi hiyo na ampe fundi wake, awe wa gereji kubwa ya mjini au wa jua kali kando ya soko la Runyenjes. Fundi aliyeelezwa vizuri hutafuta mahali pamoja, na yule aliyeambiwa tu kwamba gari linalia hubadili vitu vitatu ili apate kimoja.

Mwenye gari la kubeba watu au mizigo katika njia za Meru na Embu na aweke mkanda mmoja wa akiba ndani ya gari lake, wenye namba ile ile, pamoja na spana za kuuvikia. Dereva wake naye afundishwe kuuvika mchana, nyumbani, gari likiwa limesimama mahali tambarare, ili asije akajifunza kazi hiyo usiku, katika mvua, kwenye kona ya Nithi.